Upepo Ndio Unaobeba Mzigo Wako

Leo tuzungumze juu ya baiskeli. Hasa tuzungumze juu ya tairi, na upepo uliomo ndani yake.

Pikipiki zimeingia vijijini kwa wingi. Lakini baiskeli haijaondoka. Katika mkoa wa Shinyanga baiskeli hubeba pamba, mahindi, mkaa na madumu ya maji. Hubeba watoto kwenda shule na mgonjwa kwenda zahanati. Mjini Shinyanga na Kahama vijana hubeba abiria kwa baiskeli, na watu huziita baiskeli hizo daladala. Ukienda Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu kama Nyarugusu na Rwamgasa, utaona baiskeli zimebeba viroba vya mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye makarasha.

Kiroba cha mawe ni kizito. Gunia la mahindi ni zito. Je, ni kitu gani kinachobeba uzito huo wote? Wengi watajibu kuwa ni ringi, au spoku, au mpira wa tairi. Vyote hivyo husaidia. Lakini kinachobeba mzigo zaidi ni upepo. Toa upepo kwenye tairi la nyuma, kisha pakia gunia. Utaona mwenyewe. Mpira utalala chini, na ringi itakanyaga ardhi.

BAISKELI MBILI

Tuseme kijijini kwako kuna baiskeli 2. Ya kwanza ni ile ndefu ya siku nyingi, yenye breki za vyuma. Wengine wanaijua kwa jina la Phoenix, wengine Avon au Hero. Wazee wanaikumbuka Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam. Tairi la baiskeli hii huandikwa 28 x 1 1/2. Maana yake ni kwamba gurudumu lina kimo cha inchi 28 hivi, na tairi lina upana wa inchi 1 na nusu hivi.

Baiskeli ya pili ni ile fupi yenye gia. Tairi lake mara nyingi huandikwa 26 x 1.95. Gurudumu lina kimo cha inchi 26 hivi, na tairi lina upana wa karibu inchi 2.

Sasa swali. Ni gurudumu lipi lina upepo mwingi ndani yake? Ni lile kubwa la inchi 28, au lile dogo la inchi 26?

Usijibu haraka. Chukua kwanza sufuria 2 zenye kimo sawa. Moja iwe na upana wa sentimita 15, na ya pili iwe na upana wa sentimita 30. Zijaze maji kwa kikombe, uhesabu vikombe. Mtu atadhani ile pana itameza maji mara 2 ya ile nyembamba, kwa sababu upana wake ni mara 2. Sivyo. Itameza mara 4. Upana ukiongezeka mara 2, nafasi ya ndani huongezeka kwa upande huu na kwa upande ule pia. Mbili mara mbili ni nne.

Tairi nalo ni hivyo hivyo. Likate kwa mawazo, ulitazame pale lilipokatwa. Utaona duara, kama mdomo wa sufuria. Duara hilo likiwa pana kidogo tu, upepo huongezeka sana.

Tufanye hesabu. Tairi la 28 x 1 1/2 lina upana wa milimita 40. Ukilipima kwa nje, nafasi yake ni karibu lita 2.7. Ni kama chupa 5 za maji za nusu lita, na kidogo zaidi. Tairi la 26 x 1.95 lina upana wa milimita 50. Nafasi yake ni karibu lita 3.8. Hizo ni chupa 7 na nusu. Ndani kabisa upepo ni pungufu kidogo, maana unene wa mpira nao hula nafasi. Lakini jibu ni lile lile. Gurudumu dogo lina upepo mwingi kuliko gurudumu kubwa. Upana umeongezeka kwa robo tu. Upepo umeongezeka karibu mara moja na nusu.

Yapo matairi mapana zaidi ya hayo. Tairi la 26 x 2.125 huwa na upana wa milimita 57 hivi, na nafasi yake ni karibu lita 5. Na yapo matairi membamba sana ya baiskeli za mashindano. La milimita 28 lina nafasi ya lita 1 na robo tu. Linganisha hayo 2. Upana wa moja ni mara 2 ya mwenzake. Upepo ni karibu mara 4. Tumerudi kwenye sufuria zetu.

JINSI UPEPO UNAVYOBEBA

Upepo uliojazwa kwenye tairi hukaa umebanwa. Ukibanwa, husukuma kila upande: juu, chini na pembeni. Nguvu ya kusukuma hupimwa kwa pauni katika kila inchi moja ya mraba. Ukitazama ubavuni mwa tairi utaona herufi P.S.I. zikiandamana na namba. Hiyo ndiyo namba ya pauni. Pauni 50 ni sawa na kilo 3 na nusu katika kila sentimita 1 ya mraba.

Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 100. Tairi lina pauni 50. Je, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kubwa kiasi gani? Gawanya 100 kwa 3 na nusu. Utapata karibu sentimita 29 za mraba. Hiyo ni ndogo, haifiki ukubwa wa viberiti 2 vilivyolazwa pamoja. Punguza upepo uwe pauni 25. Sasa tairi litabonyea mpaka liguse ardhi kwa sentimita 57 za mraba. Hivyo ni viberiti 3 na zaidi.

Sasa angalia jambo hili, maana hapa ndipo tairi jembamba na tairi nene hutofautiana. Kama mzigo ni ule ule na pauni ni zile zile, matairi yote mawili yatagusa ardhi kwa eneo karibu sawa. Lakini jembamba halina upana. Ili lipate eneo hilo ni lazima libonyee sana na kugusa kwa urefu. Likibonyea sana, ringi inakaribia ardhi. Ukikutana na jiwe, ringi inagonga. Kwa hiyo tairi jembamba linahitaji pauni nyingi. Tairi nene linaweza kubeba mzigo ule ule kwa pauni chache, na bado ringi ikabaki mbali na mawe.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza watu. Tuseme tairi la milimita 40 limejazwa pauni 50, na tairi la milimita 50 limejazwa pauni 35. Ukibonyeza kwa kidole, la pili ni laini. Mtu atasema halina upepo wa kutosha. Lakini tuhesabu pampu. Tuseme pampu yako humeza robo lita kila unapoivuta, na haivuji. Tairi la kwanza litataka kupigwa pampu mara 36 hivi. La pili nalo litataka mara 36 hivi. Umetoa jasho lile lile kwa yote mawili. Upepo ulioingia ni sawa, ila katika tairi nene umepata nyumba kubwa ya kukaa.

"GUMU KAMA JIWE"

Kwa mafundi wengi mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, nijazie upepo mpaka liwe gumu kama jiwe. Nina gunia 2 leo."

"Mzee, tairi hili ni nene. Nikilijaza hivyo litakutoka njiani."

"Wewe jaza tu, kijana wangu. Mzigo ni wangu."

Fundi huyo anasema kweli. Ukuta wa tairi nene hupata taabu kubwa kuliko ukuta wa tairi jembamba kwa pauni zile zile. Sababu ni kwamba upepo una mahali pakubwa pa kusukuma. Jaza pauni 50 kwenye tairi la milimita 40, kisha jaza pauni 50 kwenye tairi la milimita 57. Nyuzi za tairi la pili zitavutwa karibu mara moja na nusu ya zile za kwanza. Ndiyo maana matairi manene huandikwa pauni chache. Ukizidisha, nyuzi hukatika, au ukingo wa tairi huruka nje ya ringi na tyubu hupasuka kwa kishindo. Likiwa ni tairi la mbele, usukani unakuponyoka. Mwenye kubeba abiria afikirie hilo mara mbili.

Na jua letu la Shinyanga linaongeza shida. Upepo ukipata joto husukuma zaidi. Tairi lililojazwa pauni 50 asubuhi kwenye baridi linaweza kufika pauni 56 baiskeli ikiachwa juani mchana. Tairi jipya litavumilia. Tairi kuukuu lililoanza kuonyesha nyuzi halitavumilia. Egesha baiskeli kivulini.

Upepo mdogo nao una hasara zake. Tairi likibonyea kupita kiasi, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi. Fundi akiitoa tyubu utaona matundu 2 yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Mwiba wa mgunga hautoboi hivyo. Mwiba hutoboa tundu 1. Basi ukiona matundu 2 sambamba, usilaumu miiba. Ulipanda tairi lisilo na upepo wa kutosha, au ulizidisha mzigo. Ukiendelea hivyo utaharibu ringi, na ringi ni ghali kuliko kiraka.

PIMA KWA KIJITI NA PENSELI

Vijijini wachache wana kipimo cha pauni. Lakini unaweza kupima bila chombo hicho. Mmarekani mmoja aitwaye Frank Berto alichunguza sana jambo hili la upepo wa baiskeli. Aliona kwamba tairi hufanya kazi vizuri likibonyea kidogo chini ya mzigo, yaani karibu sehemu 1 katika sehemu 7 za kimo cha tairi. Kwa tairi la 28 x 1 1/2 hiyo ni milimita 6 hivi. Kwa tairi la 26 x 1.95 ni milimita 7 au 8. Ni unene wa penseli.

Fanya hivi. Simamisha baiskeli bila mzigo, mahali pagumu palipo sawa. Simamisha kijiti kando ya tairi la nyuma, uweke alama pale ulipo ukingo wa ringi kwa chini. Kisha pakia mzigo wako wote, mtu akae juu ya baiskeli huku mwenzake ameishika. Weka alama nyingine. Alama hizo 2 zikiachana kwa unene wa penseli moja, upepo unatosha. Zikiachana kwa penseli 2, ongeza upepo au punguza mzigo. Kama haziachani kabisa, umejaza mno.

Utagundua pia kuwa tairi la mbele halibonyei kama la nyuma. Mzigo mwingi umekaa kwenye keria. Kwa hiyo tairi la mbele linataka upepo pungufu kidogo. Tena, kama una fedha ya tairi 1 jipya, livishe nyuma. Lakini usiweke mbele tairi lenye nyuzi nje.

UDONGO WETU

Je, ni tairi lipi linafaa huku kwetu? Inategemea unapita wapi.

Wasukuma wana majina ya udongo, na majina hayo yanafaa hapa. Luseni ni mchanga wa kwenye miinuko. Tairi jembamba lenye upepo mwingi linazama kwenye luseni kama kisu. Tairi nene lenye upepo wa kiasi linakaa juu. Ibambasi ni ardhi ngumu, na wakati wa kiangazi baiskeli yoyote inakimbia juu yake. Mbuga ni udongo mweusi mzito. Ukikauka hupasuka nyufa, na tairi jembamba linaweza kuingia ndani ya ufa na kukuangusha. Lakini mvua ikinyesha kwenye mbuga, msomaji, tairi nene halikuokoi. Tope hunata kwenye mpira na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Tairi nene hujaza nafasi hiyo upesi zaidi, kwa sababu nafasi yenyewe ni ndogo. Hapo wengi hung'oa madigadi, au hubeba baiskeli begani. Tairi jembamba la baiskeli ndefu lina nafuu kidogo.

Kwenye njia za machimbo huko Geita kuna mawe na makorongo. Hapo tairi nene linasaidia ringi na mgongo wa mpandaji. Kwenye lami, kama barabara ya Isaka kwenda Kahama, tairi jembamba lililojaa vizuri linateleza kwa wepesi. Tairi nene lenye upepo mdogo kwenye lami linakuchosha bure, kwa sababu mpira unakunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, na nguvu zako ndizo zinazoukunja. Anayebeba abiria mjini ajaze zaidi ya anayekwenda shambani.

UPEPO ULITOKA WAPI

Zamani magurudumu hayakuwa na upepo. Yalivishwa chuma, au mpira mgumu usio na kitu ndani. Mtu aliyepanda alitikisika mpaka meno yakagongana. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, aliandikisha serikalini wazo la gurudumu la upepo. Wakati huo baiskeli tunayoijua haikuwepo bado, na wazo lake likasahauliwa.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alilifufua bila kujua habari za Thomson. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo katika mji wa Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu 3. Dunlop alitengeneza mpira mwembamba, akaufunga kwenye magurudumu na kuujaza upepo. Mtoto akaendesha kwa raha. Muda mfupi baadaye wapanda baiskeli wa mashindano walianza kushinda kwa matairi ya namna hiyo, na mpira mgumu ukaachwa.

Haukuachwa kila mahali. Huko Goma, mashariki ya Kongo, kuna chombo cha mbao kiitwacho chukudu. Kina magurudumu 2 ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu za gari. Hakina upepo hata kidogo, wala hakipati pancha, na hubeba mizigo mikubwa sana. Lakini kila jiwe humfikia mwenye kukiendesha mikononi. Ukitaka kujua upepo unakufanyia nini, mwulize mtu huyo.

UKIENDA KUNUNUA TAIRI

Msomaji aliyeelewa habari hii anaweza kusema, "Basi nitaivisha Phoenix yangu tairi nene." Ngoja kwanza. Tairi nene halikai kwenye baiskeli yoyote. Litagusa fremu, au litasugua breki. Na zaidi ya hapo, ukingo wake ni lazima ulingane na ringi.

Hapa watu wengi hupoteza fedha. Mtu hutoka kijijini kilomita 30, anafika mjini, anaomba "tairi la 26". Anapewa. Anarudi nyumbani, fundi analivisha, linakataa. Kwa nini? Kwa sababu namba 26 ni kimo cha nje, na kimo cha nje hakisemi kitu juu ya ringi. Tairi la 26 x 1.95 na tairi la 26 x 1 3/8 yote ni ya 26. Lakini la kwanza linavaa ringi ya milimita 559, na la pili linavaa ringi ya milimita 590. Tofauti ni sentimita 3. Hata 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4 si kitu kimoja, ingawa kwa hesabu ya darasani ni sawa. La kwanza ni la ringi ya 559, la pili ni la ringi ya 571.

Kwa bahati nzuri matairi mengi yameandikwa namba nyingine ubavuni, zenye kistari katikati. Kwa mfano 40-635, au 50-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kipimo cha ringi. Namba ya pili lazima iwe ile ile ya tairi lako la zamani. Namba ya kwanza unaweza kuibadili kidogo, kama fremu na breki zina nafasi. Mwenye ringi ya 559 anaweza kuchagua 47, au 50, au 57, na sasa unajua kila moja inaongeza upepo kiasi gani. Mwenye ringi ya 635 hana uchaguzi mkubwa. Atabaki na 40, na atalijaza vizuri.

Tyubu nayo ina namba. Tyubu ya tairi jembamba ukiiingiza kwenye tairi nene itanyooka mpaka iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na mwiba mdogo tu utaitoboa. Tyubu nene ndani ya tairi jembamba hujikunja, na mahali ilipojikunja hukatika.

Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani, futa vumbi ubavuni mwa tairi lako la zamani. Soma namba zenye kistari, uziandike kwenye karatasi, uitie karatasi hiyo mfukoni. Mwenye duka akikuambia kuwa tairi zote za 26 ni sawa, toa karatasi yako, ulinganishe mwenyewe kabla hujatoa fedha.